Ndoo Mbili za Risasi za Bei Rahisi

Watu wakishajua kwamba napiga shabaha, swali la kwanza huwa ni "na wewe mwanamke?" na la pili ni hili: hizi risasi za bei rahisi, zinazouzwa kwa katoni kama sabuni, zinafaa kununuliwa? Wananiuliza wakiwa wameshajipa jibu. Wanataka niseme rahisi ni ghali, watikise kichwa, waende zao. Siwapi raha hiyo. Nawaambia zinafaa, tena zinafaa sana, mradi mnunuzi awe anajua kununua. Asiyejua kununua hata dhahabu itamtia hasara.

Nasema hivyo kwa sababu kununua ndiyo kazi yangu. Nina duka la nafaka Isipingo, hatua chache kutoka kituo cha taksi. Nauza mchele, maharage, unga wa muhogo kwa ajili ya Wakongo, dagaa, nazi na viungo. Mimi mtoto wa Tanga, mji wa waja leo waondoka leo, lakini Durban nilikuja na sikuondoka. Gunia haliingii dukani kwangu mpaka nilichome bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, nichote punje za katikati na kuzitazama kiganjani. Juu ya gunia kila mchele ni mzuri. Uongo wote unakaa katikati.

Bunduki niliinunua kwa hofu. Wezi walituingilia dukani mara mbili katika mwezi mmoja, na mara ya pili walimpiga mume wangu kichwani kwa kufuli letu wenyewe. Wakati huo nilikuwa nimeshapata karatasi za ukazi wa kudumu, kwa hiyo nikajiandikisha kwenye mafunzo, nikafanya mtihani, nikangoja leseni mpaka nikaanza kuisahau, na ilipotoka nikanunua bunduki ya marisau. Ilikuwa ya mtumba, mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, kitako kimekwaruzwa. Marisau ni zile punje ndogo za risasi, ganda moja linabeba mamia yake, na ukifyatua zinatoka pamoja na kutawanyika hewani.

Mwalimu wa mafunzo alitupeleka kwenye uwanja mmoja wa shabaha vilimani, nyuma ya Queensburgh. Pale kuna mitambo inayorusha visahani vya udongo, upana wake kama kisosi cha chai, rangi ya chungwa, na mpigaji anatakiwa kukivunja kisahani kikiwa bado kinaruka. Ukiwa tayari unaita, na msimamizi anabonyeza kitufe. Wenzangu wote waliita "pull" kwa sauti kama za kwenye sinema. Zamu yangu ilipofika ulimi ukagoma, nikasema tu, "Haya." Msimamizi akaelewa, kisahani kikaruka, nami nikakifanya vumbi.

Sijui niieleze vipi furaha ile. Nilikwenda pale mtu mwenye woga, asiyelala vizuri, na ghafla nikajikuta nacheka peke yangu mbele ya wanaume kumi na mmoja nisiowajua. Nikaomba kingine, nikakivunja. Nikaomba cha tatu kikanipita, na nilikasirika kana kwamba kimenitukana. Basi bunduki niliyoinunua kwa hofu nikabaki nayo kwa raha, na kila Jumamosi mchana nikawa namwachia dada wa dukani mizani, napanda bakkie, pikapu yetu ya mizigo, naelekea vilimani.

Uwanja ule una timu ya watu watano. Kila mwaka wanapambana na timu za miji mingine, na wanavaa fulana ya bluu yenye jina la mji mgongoni, kwa herufi kubwa nyeupe: DURBAN. Mwaka ninaouzungumzia, mmoja wa wale watano alihamia kwa watoto wake ng'ambo, nafasi ikabaki wazi. Mimi niliitaka fulana ile kuliko nilivyowahi kutaka gari au nyumba.

Nimelipa kodi ya pango ya duka kwa miaka kumi na minane, wanangu wamezaliwa hapa na Kizulu chao ni kizuri kuliko Kiswahili chao, na bado mtu akija kununua nusu kilo ya dengu ataniuliza nitarudi lini kwetu. Si kwamba wote wana roho mbaya. Wengi wanauliza kwa upole, na upole huo ndio unaoniudhi zaidi, maana mkali unaweza kumjibu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nilitaka nicheze hapa, mchana kweupe, nione kama nitatunzwa.

Mchaguzi wa timu alikuwa kapteni, mwanamume wa miaka kama sitini, masharubu yamechongwa, mpigaji hodari kweli, hilo sitamnyima. Yeye huyohuyo ndiye aliyekuwa akiuza risasi kwenye dirisha la klabu: risasi za bei kubwa, kitako cha kila moja kinang'aa njano, na pakiti zina picha ya ndege. Timu nzima ilitumia hizo. Aliniita mama mchele, na kila tulipokutana alinisifia risasi zake. Siku moja nilimwambia kwamba kwetu tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akaomba tafsiri, nikampa, na hakufurahi.

Masharti ya kugombea nafasi yalikuwa haya: kila mgombea apige visahani mia moja kila wiki kwa miezi miwili, halafu siku ya mwisho wapambane. Tulibaki wawili, mimi na wakili mmoja kijana, mtu mstaarabu, mwenye gari safi. Risasi mia kila wiki kwa bei ya dirisha la kapteni zingenigharimu pango langu la mwezi. Hapo ndipo nikamsikia mfanyabiashara mmoja wa bunduki aliyekuwa anafunga duka na kuhama jimbo. Alikuwa na katoni nne za risasi za bei rahisi, kila katoni risasi mia mbili na hamsini, na alikuwa anaziachia karibu kwa nusu bei. Kibali changu cha mchezaji kiliniruhusu kununua kiasi hicho. Sikukesha nikifikiri, nililala usingizi mzuri, na asubuhi nikaenda kuzichukua.

Kwanza nilizijaribu, kama mtu wa nafaka anavyojaribu. Nilichukua kumi kutoka katikati ya katoni moja, nikaenda nazo uwanjani, nikabandika karatasi kubwa kwenye ubao. Nilipiga karatasi moja kwa risasi yangu, nyingine kwa risasi ya kapteni, kisha nikahesabu matundu kwa kalamu. Kwa hatua ishirini na tano sikuona tofauti. Kwa hatua arobaini, yangu yalikuwa yameachana, kukawa na mahali peupe ambapo kisahani kingepita salama bila kuguswa hata na punje moja. Madini yake ni laini, punje zinabondeka zikitoka mtutuni, na punje iliyobondeka haiendi ilikotumwa. Basi nikajua bidhaa yangu. Hizi ni risasi za karibu. Ukipiga mapema, kabla kisahani hakijaenda mbali, zinavunja kama zile za njano, na ukichelewa zinakuaibisha. Nikajifunza kupiga mapema.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu, maana nilifanya ujinga ambao mtu wa bunduki hawezi kuufanya hata akilewa. Unahitaji kuwa mtu wa mchele.

Kwenye mchele, gunia moja likiwa na chenga nyingi, hulitupi. Unalimwaga pamoja na mengine matatu mazuri, unachanganya vizuri kwa sepetu, na chenga zinagawanyika hata mteja hazioni. Huo si wizi, ni haki, kila mtu anapata sawa. Mimi nimechanganya magunia maisha yangu yote. Halafu maboksi ya karatasi katika unyevu wa Isipingo yanaota ukungu kabla ya mwezi kwisha, na kabati langu la chuma lilikuwa dogo kwa katoni nne. Basi nikafungua pakiti zote arobaini, nikamwaga risasi zote kwenye ndoo mbili kubwa zenye vifuniko, nikazikoroga kwa mikono miwili, nikachoma maboksi. Ndoo zikaingia kabatini kama zilizopimiwa. Nilijisifu.

Mume wangu ni mtu wa Uvira, kule Kongo, anatengeneza simu katikati ya mji, na dharau yake ni ya taratibu. Alisimama mlangoni akitazama ndoo.

"Mama watoto," akasema, "hii iko muchele ama iko vita?"

"Iko mazoezi," nikamjibu.

"Five thousand rand ya mazoezi. Kitu ya bei chini inakulaka mutu mara mbili, vraiment."

Nikafunga kabati, nikamwambia akatengeneze simu.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri, isipokuwa risasi mbili au tatu zilizotoa mlio wa kivivu. Nilizisikia. Nilijifanya sikuzisikia, na hilo nalikiri hapa kwa sababu sipendi vitabu ambavyo mwandishi hana kosa. Jumamosi ya pili nilisema "haya", nikafyatua, na badala ya mlio nikasikia pufu, kama mtu aliyezima mshumaa. Kisahani kikaenda zake. Nikafungua bunduki, nikatoa ganda, nikatia risasi nyingine, na nilikuwa naifunga niliposikia msimamizi wa uwanja akiniamuru nisimame.

Msimamizi yule ni mwanamke wa Kizulu, amenipita miaka kama kumi, na sote tunamwita Ma. Yeye ndiye anayebonyeza kitufe na ndiye anayesimamia usalama, na hapendi utani akiwa kazini. Alikuja, akaichukua bunduki, akatoa risasi, akauelekeza mtutu mbinguni, akachungulia, kisha akanipa nichungulie. Mtutu wa juu ulikuwa mweupe. Wa chini ulikuwa na giza. Akachukua ufito, akasukuma, na kikadondoka kizibo cha plastiki pamoja na donge la marisau. Risasi ile ilikuwa na nguvu kidogo mno, haikuweza hata kujitoa nje.

"Ungefyatua tena, mtutu ungepasuka," akasema Ma. "Mkono huo, na uso huo."

Nikakaa kwenye nyasi. Kapteni akaja, na nitakuwa mkweli, hakunicheka.

"Katoni moja itakuwa mbovu," akasema. "Ni ipi? Iweke kando, zilizobaki utumie."

"Nimezichanganya."

"Umechanganya nini?"

"Zote. Katoni zote nne. Nimezimwaga kwenye ndoo nikazikoroga."

Nilimwona akitafuta mahali pa kuanzia. "Nani anakoroga risasi?" akauliza mwishoni, na hakuwa ananiuliza mimi, alikuwa anaiuliza mbingu. Kisha akasema risasi zile hazitapigwa tena pale, na kuhusu timu, nitafute risasi nyingine au nitafute mchezo mwingine.

Nilirudi Isipingo nimefura kwa hasira. Kama angekuwa amenionea ningelala vizuri. Kilichonichoma ni kwamba alikuwa na haki. Nyumbani nililia jikoni, nikikata vitunguu visivyohitajika ili nipate kisingizio. Mume wangu hakusema nilikuambia. Alisogea, akaniwekea mkono begani.

"Nitakupatia makuta," akasema, akitoa pochi ya pesa, "ununue ile ya yule mutu mukubwa. Iko sawa, Mama. Utashinda na ile."

Nikamshukuru kwa moyo wangu wote, na nikakataa. Alinishangaa. Hata mimi sikuweza kumweleza vizuri wakati ule. Ningeshinda na risasi za kapteni, fulana ingekuwa ya kapteni. Na zaidi ya hapo, nilijua kwamba katika ndoo zile nilikuwa na mamia ya risasi nzuri, nilizozipima mwenyewe, na mwenye duka hatupi gunia zima kwa sababu ya chenga.

Jibu lilikuja Jumatatu, na lililetwa na mama mmoja mteja aliyetaka nazi. Akaniomba nimchagulie. Nikaokota nazi, nikaitikisa karibu na sikio, kama ninavyofanya mara arobaini kwa siku, kusikiliza maji. Nikaokota nyingine, nikaitikisa. Na mkono ukaganda pale sikioni. Yule mama akaniuliza kama naumwa jino.

Mdomo wa risasi ya marisau hukunjwa kama sambusa. Ukikunjwa vizuri na kukandamizwa, punje ndani hazina pa kwenda, zinakaa kimya. Ukikunjwa ovyo unalegea, baruti haipati kitu cha kushindana nacho, inawaka kwa uvivu, na ndiyo pufu niliyoisikia. Lakini mkunjo ukilegea punje nazo zinacheza. Na kinachocheza kinasikika. Nikafunga duka saa sita mchana siku ya kazi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata siku nilizojifungua, nikafungua kabati, nikatoa risasi moja kwenye ndoo, nikaitikisa. Kimya. Ya pili, kimya. Ya saba ikasema chaka chaka. Nilikaa sakafuni nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.

Siku iliyofuata nilipakia ndoo mbili na ungo wangu wa kupepetea, nikapanda kwa Ma. Nilimwambia siombi kupiga, naomba kukaa barazani tu. Nikakaa chini, miguu nimeinyoosha, ungo mapajani, nikaanza. Risasi moja moja, sikioni, tikisa, nzuri kulia, mbovu kushoto. Kwenye ungo nilizizungusha kwanza, kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele, nikitoa zile ambazo midomo yake ilionekana kupinda. Wanachama waliopita walisimama kutazama. Mmoja akapiga picha. Nikamwambia apige na ya upande huu.

Zilikuwa mia nane na arobaini. Nilimaliza jua likiwa bado juu, sikio linavuma, bega limekufa ganzi. Mbovu zilikuwa sitini na tatu, na nilikuwa nimeweka upande wa mbovu hata zile nilizozitilia shaka tu.

Ma alikuja, akakunja mikono ya shati, na bila kuniomba ruhusa akauzamisha mkono kwenye ndoo ya nzuri hadi kiwiko, akazitoa ishirini za chini kabisa. Moyo wangu ulimpenda saa ileile, maana huyo ni mtu wa bambo ingawa hajawahi kuliona. Akachukua bunduki yake, akazipiga zote ishirini kwenye tuta la mchanga, moja moja, akichungulia mtutu kila baada ya mlio. Hakuna hata moja iliyokohoa. Kisha akachukua kumi za mbovu, akazipasua kwa kisu. Saba zilikuwa na mkunjo ambao ungeufungua kwa kucha.

"Eish," akasema. Akazirudisha upande wa mbovu. "Hizi sitini na tatu nabaki nazo mimi, zitaharibiwa. Hizo nyingine ni risasi."

Alizungumza na kapteni mbele yangu. Kapteni alibisha, akatembea mpaka dirishani kwake akarudi, mwishoni akakubali kwa sharti moja: siku ya pambano, risasi yangu moja tu ikitoa ule mlio wa uvivu, naweka bunduki chini na nafasi ni ya wakili. Nikasema sawa. Nilisema haraka, kabla woga haujapata nafasi ya kunishauri vingine.

Wiki sita zilizobaki nilipiga kila Jumamosi, mia kila mara, na kila Ijumaa nilizitikisa upya zile za kesho yake. Nilikuwa napiga mapema mno kiasi kwamba wakili aliniuliza kama nina basi la kuwahi. Nikamwambia risasi zangu hazipendi safari ndefu.

Siku ya pambano upepo uliamka kabla yetu. Ulitoka baharini, ukapanda mabonde, ukafika pale kilimani ukiwa mbishi, unanyanyua visahani na kuvishusha kama unavyotaka. Tulipiga ishirini na tano kwenye kila kituo, vituo vinne, wakili akipiga kabla yangu kila mara. Baada ya vituo vitatu yeye alikuwa na sitini na sita, mimi sitini na tano. Mume wangu alikuwa amefunga kibanda chake na kuja, amevaa suti ya kanisani, na alikaa nyuma ya kamba akihesabu visahani kwa vidole, jambo lililonitisha kuliko upepo.

Kwenye kituo cha mwisho ndipo kila mtu alipoona tofauti. Wakili alikuwa na risasi za mbali, kwa hiyo alizoea kungoja, kukifuata kisahani kwa utulivu, kuwa na hakika. Upepo ule ukamwadhibu kwa kungoja. Alipokuwa na hakika, kisahani kilikuwa kimeshahama. Akakosa vitano, akamaliza na themanini na sita. Mimi risasi zangu zilinikataza kungoja tangu siku ya kwanza. Haya, pa. Haya, pa. Visahani vilikufa kabla upepo haujavifikia, isipokuwa viwili.

Kisha, kama cha kumi na nne hivi, mlio ulinifikia mdogo. Kisahani kilivunjika, lakini mlio ulikuwa mdogo, au masikio yangu yalikuwa na woga, sikujua. Kapteni alikuwa ameshainuka kutoka kwenye kiti chake. Ningeweza kuendelea. Kama risasi ilikuwa nzuri ningeendelea na mwendo wangu, na kama ilikuwa mbovu pengine hakuna ambaye angeapa. Niliinua mkono juu, nikafungua bunduki, nikamwita Ma. Kusubiri kule sitakusahau. Nilikuwa naiona fulana ikivuliwa kabla sijaivaa.

Ma akainua mitutu mbinguni. Akanipa nami. Duara mbili za mwanga, safi.

"Ni upepo umebeba mlio," akasema kwa sauti, ili kapteni asikie. "Endelea, dada."

Kilichofuata nikakikosa, akili yangu ilikuwa bado kwenye mitutu. Hicho kilikuwa cha tatu kukosa pale. Nikajitukana kimoyomoyo kwa Kitanga chote nilichopewa na mama yangu, nikapumua, nikaendelea. Nikafika kisahani cha mwisho nikiwa na themanini na sita. Nikikivunja, nimeshinda. Nikikikosa, tumelingana, na sikuwa na nguvu za kuanza upya.

Nikasema "haya". Kikatoka kushoto, chini, upepo ukakipiga ubavu, nikafyatua, na hakikuwa vumbi. Kiliendelea kuruka kizima kizima, kikapotea nyuma ya majani. Nikashusha bunduki. Ma alikuwa amekunja macho kwa jua, hakukiona vizuri, mkono wake uko nusu. Wakili akatazama chini. Nikasikia mume wangu akimwita Yesu kwa Kifaransa.

"Kimevunjika," akasema mtu nyuma yangu.

Nikageuka. Alikuwa kapteni. Alikuwa amesimama upande wa pili, jua nyuma yake, mahali pa kuona vizuri kuliko wote.

"Kipande kimetoka," akasema. "Kidogo, kama ukucha. Kimeanguka pale karibu na nguzo." Akatembea mwenyewe, masharubu na yote, akainama kwenye nyasi, akatafuta, na akarudi na kipande cha rangi ya chungwa kwenye kiganja, kingo zake mbichi. Kipande ni kipande. Kanuni inasema hivyo duniani kote. Themanini na saba.

Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Nililia pale pale, kwa sauti, kama mtoto, na sikuona haya hata kidogo. Mume wangu aliruka kamba akiwa na suti yake ya kanisani.

Kapteni alinipa mkono. "Kuhusu risasi nilikosea," akasema. "Kuhusu kukoroga sikukosea."

"Hapo hatugombani," nikamwambia.

Kwa hiyo mkiniuliza tena, jibu langu ni lile lile. Nunueni. Lakini msichanganye katoni, msichome maboksi, zijaribuni kwenye karatasi mjue zinafika wapi, mtikise moja moja, na ikilia kivivu mtangulize uhai wenu kabla ya pointi. Asiyekuwa na muda wa kufanya hayo akanunue za njano kwa kapteni, hatakuwa amekosea, atakuwa amelipia tu kazi ambayo mimi niliifanya kwa sikio langu.

Fulana waliyokuwa nayo ilikuwa saizi ya mwanamume, kubwa, inanifika magotini. Walitaka kuagiza nyingine. Nikasema siingoji. Niliivaa juu ya dera langu, nikashuka nayo mpaka Isipingo, na asubuhi ya Jumatatu nikafungua duka nikiwa nayo mwilini, joto la Durban lile mnalolijua, jasho linanitiririka mgongoni chini ya zile herufi nyeupe. Karibu na saa nne akaingia kijana wa pale mtaani kununua maharage. Nilipogeuka kuchota, akazisoma herufi za mgongoni, kisha akauliza fulana kama ile naiuza bei gani. Nikamwambia haiuzwi, hii ni ya timu ya mji wangu, nikampimia maharage yake.